Utafiti Guni

Washairi wana neno moja kali ambalo wasomi wa vyuo hawajaliazima, nalo ni guni. Shairi likipungukiwa na mizani katika kipande kimoja, au kina kikapotoka katika ubeti wa tatu, wajuzi hawaulizi mtunzi alisomea wapi wala ana shahada ngapi. Husema hili ni guni, na mtunzi hulichukua shairi lake akaenda kulitengeneza. Hakuna anayeona haya kulitamka neno hilo, na mtunzi wa kweli hachukii kuambiwa. Lakini katika uwanja wa utafiti, ambako kosa moja laweza kurithiwa na vizazi, neno hilo halisikiki. Tasnifu yenye tarehe za kukisia, yenye manukuu yaliyochotwa kwa aliyemnukuu mwingine, yenye hitimisho lililokuwa tayari kabla swali halijaulizwa, hutiwa jalada gumu, hupigwa muhuri na kupewa nafasi yake katika rafu ya maktaba. Kwa nini shairi la beti sita lihukumiwe kwa ukali kuliko kitabu cha kurasa mia tatu?

Dai la makala haya ni moja. Utafiti mwingi wa fasihi ya Kiswahili huharibika kabla nadharia haijatajwa, kwa sababu mtafiti hakufanya kazi ya kwanza kabisa, ambayo ni kuijua nasaba ya kile anachokitafiti: kimetungwa lini, kwa lugha gani, kwa ajili ya nani, na kimepita mikononi mwa nani hata kikamfikia. Kazi hiyo haina fahari. Haihitaji jina la mwanafalsafa wa Ufaransa wala istilahi mpya, na ndiyo maana huachwa. Kwa msomaji wa pwani, aliyezoea kuamini kwamba mambo ya utungo huanza Lamu na kuishia Mrima, itafaa ushahidi utafutwe mbali kidogo na bahari, katika mji wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Viktoria. Huko makosa makubwa ya utafiti yamefanywa hadharani, na huko pia umeonekana utafiti mwema wa kuigwa.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza ya leo, akaliona ziwa, na papo hapo akakata shauri kwamba hiyo ndiyo asili ya mto Naili. Hakuwa ameuona mto ukitoka. Hakulizunguka ziwa. Alikaa kando yake siku chache tu, kisha akarudi Kaze, yaani Tabora, alikokuwa amemwacha mwenzake Richard Burton, hali jibu liko mfukoni. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipouliza ziwa linafika wapi upande wa kaskazini, mtu aliyeulizwa alirusha mkono mbele akialisha vidole, kama aonyeshaye jambo lisilo na kipimo, akasema kwamba hakuna ajuaye, labda lafika mwisho wa dunia. Na maneno hayo yalimfikiaje Speke? Kiswahili hakukijua. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi utumwani Bara Hindi. Bombay alikigeuza Kihindustani kuwa Kiswahili, na Kiswahili nacho kilibidi kikutane na lugha ya wenyeji wa ufukweni. Swali lilivushwa lugha hata lugha, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Wafanyabiashara wa Kaze walikuwa wakiliita ziwa lile Bahari ya Ukerewe. Speke akalipa jina la malkia wake, na jina likakaa.

Burton alidai ushahidi, na alikuwa na haki ya kuudai. Lakini naye alikanusha akiwa amebaki Kaze, bila ya kwenda kutazama. Mmoja alithibitisha pasi na ushahidi, mwingine akakanusha pasi na kuona, na ugomvi wao ukadumu hata Septemba 1864, Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake siku moja kabla ya mjadala wao mbele ya wanazuoni mjini Bath. Ilibidi Speke mwenyewe arudi mwaka 1862 aone maji yakitoka ziwani, na Henry Stanley alizunguke ziwa mwaka 1875, ndipo maneno yapate mguu wa kusimamia. Watetezi wa Speke husema: kwani hakupatia? Alipatia. Lakini kupatia kwa kubahatisha hakumfundishi mtu namna ya kupatia mara ya pili. Anayetupa jiwe gizani akampiga mwizi hawi mlinzi hodari.

Inafaa kisa hiki kikumbukwe kila mwanafunzi anapokwenda Mwaloni Kirumba na madodoso yaliyoandikwa kwa Kiingereza, akayatafsiri papo kwa papo kwa Kiswahili, na kijana wa jirani akayatafsiri tena kwa Kisukuma au Kijita kwa bibi aanikaye dagaa. Katika tasnifu, safari hiyo yote hufutika. Panabaki sentensi moja safi: wahojiwa walisema. Kwa lugha gani? Kwa maneno gani? Kijana aliyetafsiri ni nani, na ana undugu gani na waliohojiwa? Mtafiti ambaye hakuyaandika maneno yenyewe, kwa lugha ya msemaji, hana ushahidi wa msemaji. Ana ushahidi wa kumbukumbu yake tu.

Kosa la pili ni la karibu zaidi na wasomaji wa kurasa hizi, maana linahusu vitabu. Kutoka Mwanza meli huvuka hadi Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Kisiwani humo, Kagunguli, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, kisha akarejea kwao. Alikuwa mkusanyaji wa mila, hadithi na historia za watu wake. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wa Ukerewe ya zamani kabla ya utawala wa Wazungu, ambao ndoa yao inatikiswa kwa kukosa mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume analazimika kwenda kumkomboa kwa pombe na kwa unyenyekevu. Hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali.

Mswada huo ulikaa miaka thelathini na mitano bila ya kuwa kitabu. Padri Almas Simard, mmisionari aliyetoka Kanada, aliuthamini na kumtia moyo mwandishi, lakini haukuchapishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuja Ukerewe kwa utafiti, walisaidia kuutafutia njia. Ikadhihirika kwamba kwa Kikerewe hautapata mchapishaji. Kitereza, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini, akakaa akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 katika juzuu mbili. Kitereza alifariki mwaka 1981, kitabu hakijamfikia mkononi.

Sasa na aje mtafiti mwenye haraka. Anafungua jalada, anaona 1980, na kwake hiyo ndiyo tarehe ya kitabu. Mwaka huo huo Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alichapisha Dunia Mti Mkavu. Mtafiti anafurahi: vitabu viwili, mwaka mmoja, nchi moja, na mada ya tasnifu imepatikana. Ataandika kwamba riwaya ya Unguja inaitazama jamii kwa jicho la matabaka, ilhali riwaya ya Ukerewe, iliyoandikwa katika zama za Azimio la Arusha, inakimbilia ukale. Atauliza kwa nini mwandishi wa bara aliogopa siasa ya siku zake. Pengine ataona katika kilimo cha Myombekere wito wa vijiji vya Ujamaa. Kila sentensi itakuwa na nadharia yake na marejeo yake, na kila sentensi itakuwa upuuzi, kwa kuwa mwaka 1945 hapakuwa na Azimio la Arusha, wala Tanzania, wala TANU yenyewe. Mwaka huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinamalizika, na Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Mzee anashutumiwa kwa kutojibu swali ambalo halijapata kuulizwa alipokuwa akiandika.

Kosa hili lisidhaniwe kuwa ni la watu wa bara pekee. Utenzi na mashairi ya pwani yana kinga dhidi yake, kwa kuwa wajuzi wako macho. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na diwani yake ikatoka kwa chapa mwaka 1940. Nani atakayethubutu kusimama Mombasa au Unguja akasema kwamba Muyaka ni mshairi wa 1940, akatafuta katika beti zake habari za Hitler? Angechekwa hadi vibarazani. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima kikachapishwa 1968. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayefundisha kwamba Shaaban aliandika baada ya Azimio la Arusha. Basi kwa nini uangalifu anaopewa Muyaka na Shaaban asipewe Kitereza? Jibu ni chungu: kwa sababu wengi hawakutarajia kitu kikubwa kutoka ziwani, na mtu hapekui sanduku analoamini kuwa ni tupu.

Tarehe ikirekebishwa, si Kitereza peke yake anayebadilika. Historia nzima ya riwaya katika nchi hizi hubadilika sura. Kusadikika cha Shaaban Robert kilichapishwa mwaka 1951. Mswada wa Ukerewe ulikuwa umekwisha kukamilika miaka sita kabla, kwa lugha ya kisiwa kidogo, na mtu asiyekuwa na mchapishaji, wala wasomaji wa kumsubiri, wala mfano wa riwaya ya Kikerewe wa kuutazama. Kisha yako maswali mazito ambayo tarehe ya uongo huyafunika. Mtu huyu aliyesoma seminari alikuwa akijibizana na nani alipoeleza kwa kina kirefu namna ya kulima, kuvua, kupika pombe, kuposa na kuzika? Alikuwa akiwahifadhia wajukuu mambo ambayo misheni na serikali zilikuwa zikiyafuta? Hayo ndiyo maswali ya mwaka 1945, na yanastahili tasnifu kumi. Anayeanzia 1980 hatayafikia hata moja.

Baada ya tarehe, lugha. Wako wasomaji wa pwani waliokionja Kiswahili cha Kitereza wakakunja uso: sentensi zake zina mwendo mwingine, na ladha yake si ya Mvita wala ya Mji Mkongwe. Wakahukumu kwamba mwandishi hakuijua lugha. Hukumu hii ni guni kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayesoma juzuu zile anasoma tafsiri, nayo ni tafsiri iliyofanywa na mtunzi mwenyewe katika uzee wake kwa sababu dunia ya uchapishaji ilimfungia mlango wa lugha yake. Mwendo ule mgeni huenda ni Kikerewe kinachopumua chini ya Kiswahili. Mtafiti wa mtindo ambaye hakulijua hilo anapima kivuli akidhani anapima mti. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliye naye mzaliwa wa Ukerewe, iliyofanywa kutoka Kikerewe. Kabla ya hapo Wilhelm Möhlig alikuwa ameigeuza riwaya kwa Kijerumani katika sehemu mbili, zilizotoka 1991 na 1993. Kwa hiyo kuna zaidi ya shahidi mmoja. Mashahidi wakitofautiana, hapo ndipo utafiti huanza. Lakini ni wangapi wamewaweka meza moja wakawasikiliza?

Mtu mwingine wa Ukerewe anatoa ushahidi wa tatu, na huyu anawagusa wapenzi wa mashairi panapouma. Euphrase Kezilahabi alizaliwa kisiwani humo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka 1974, ililetea ushairi wa Kiswahili tafrani ambayo haijatulia hata leo. Wanamapokeo walisema kwamba mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi, na kwamba ni mwigo wa Wazungu uliookotwa vyuoni. Wanamabadiliko wakajibu kwamba vina na mizani vyenyewe ni vya Waarabu, na kwamba Mwafrika hana deni navyo. Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi wa masivina, kwani kila msomaji ana sikio lake. Yanauliza swali dogo tu: katika madai hayo mawili, lipi lilitafitiwa kabla ya kutamkwa?

Anayedai kwamba umbo fulani ni la kigeni ana wajibu wa kuonyesha kwamba halikuwapo nyumbani. Kwa mshairi wa Ukerewe, nyumbani ni wapi? Ni nyimbo za Wakerewe na za majirani zao wa ziwani: nyimbo za kuvua, za kulima, za kubembeleza mtoto, na za ngoma. Ng'ambo tu ya maji, kwa Wasukuma, Wagika na Wagalu wameshindana kwa vizazi vingi, ngoma kwa ngoma, kila upande na manju wake. Bujora, karibu na Mwanza, kuna makumbusho ya utamaduni wao. Nyimbo hizo zinapimwaje? Zinajengwa kwa silabi, au kwa mapigo, au kwa kurudiarudia na kuitikiana? Mara chache mno swali hilo limeulizwa na waliomwita Kezilahabi mwigaji. Huenda jibu lingewapa haki wao, na huenda lingempa haki yeye. Hukumu ilitolewa shahidi mkuu hajaitwa.

Na upande wa pili nao usicheke. Waliosema kwamba vina na mizani ni mali ya Waarabu hawakuifungua aruzi. Aruzi ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi. Ushairi wa Kiswahili huhesabu silabi bila ya kujali urefu wake. Haya ni mambo mawili tofauti, na anayetaka kudai kwamba moja limezaa jingine lazima aonyeshe njia liliyopitia. Tena wanaoishika Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi kama kwamba ilishuka pamoja na Fumo Liyongo wangekumbuka kwamba kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1954, na kwamba mwandishi wake alikuwa mtu wa Ujiji, mwambao wa ziwa jingine kabisa. Ni kitabu adhimu. Lakini kina tarehe na kina mahali, nacho kilieleza desturi iliyokuwapo katika kipindi chake. Mtafiti anayekitumia kuhukumia tumbuizo na nyimbo za kale amerudia kosa lile lile la 1980: ametwaa mwaka wa chapa akaufanya mwaka wa asili.

Itasemwa kwamba ni rahisi kulaumu, na kwamba katika mambo ya utamaduni ushahidi kamili haupatikani. Basi na utazamwe utafiti wa jambo gumu kuliko mashairi, uliofanyika Mwanza hiyo hiyo. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliuliza kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kungepunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Walichukua jamii 12 za mkoani, wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi upande mmoja ulipata huduma iliyoboreshwa kwanza, mwingine ukalinganishwa nao. Waliwafuatilia watu wazima wapatao 12,000 kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa 1995: maambukizo mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma.

Hapo mtu wa haraka angetangaza kwamba jambo limekwisha. Lakini mwaka 1999 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine mkubwa, wa Rakai nchini Uganda, ng'ambo ya ziwa lile lile, na huko maambukizo ya virusi hayakupungua. Je, mmoja alisema uongo? La hasha. Walioyachunguza matokeo hayo walirudi kwenye maswali ya msingi. Mwanza tiba ilitolewa mfululizo kwa wenye dalili. Rakai dawa iligawiwa kwa watu wote kwa vipindi. Mwanza ugonjwa ulikuwa bado haujaenea sana, ilhali Rakai ulikuwa umekwisha kukomaa. Kila utafiti ulikuwa sahihi mahali pake na wakati wake, na elimu iliyopatikana kwa kuwekwa pamoja ilikuwa kubwa kuliko ya mmoja peke yake. Haya ndiyo mambo matatu ambayo mtafiti wa fasihi hana udhuru wa kuyakosa: kuwa na cha kulinganisha nacho, kutaja mipaka ya dai lake, na kutomchukia anayeleta jibu tofauti.

Pingamizi moja lina haki ya kusikilizwa. Mwanafunzi ni maskini. Hana nauli ya kwenda Mwanza, sembuse ya kuvuka hadi Nansio. Chuo kinamhesabia miezi. Msimamizi wake ana wanafunzi ishirini wengine na anataka sura ya nadharia ije kwanza. Yote hayo ni kweli, na aibu ya utafiti guni haimwangukii mwanafunzi peke yake. Inamwangukia msimamizi aliyetia saini bila ya kuuliza mswada uliandikwa lini, na idara inayohesabu kurasa badala ya kuzisoma. Lakini umaskini haumzuii mtu kusoma utangulizi wa kitabu anachokihukumu. Haumzuii kuingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mkusanyiko wa Hans Cory, aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi za ziwani, unawangoja wenye subira. Haumzuii kumtaja aliyemtafsiria. Wala haumlazimishi kunakili orodha ya marejeo ambayo hakuyafungua, au, kama ilivyo desturi mpya, kuiagiza kompyuta imtungie marejeo ya vitabu ambavyo havijapata kuandikwa na mtu yeyote.

Wengine watasema kwamba hizi ni hesabu za wapenda tarehe, na kwamba fasihi ni roho, haina haja ya cheti cha kuzaliwa. Wasemao hivyo wamwendee mshairi wamuulize kama roho ya shairi humsamehe mizani. Atawaambia kwamba aliamka usiku kuhesabu silabi za kituo, akakuta saba mahali pa nane, akakibomoa kipande kizima ambacho kilikuwa kizuri, akaanza upya. Hakufanya hivyo kwa kuogopa polisi wa ushairi. Alifanya hivyo kwa sababu alijua kwamba msikilizaji mmoja, mahali fulani, ataisikia kasoro. Na yule aliyechagua masivina naye amejitwalia kipimo chake mwenyewe, akakipa sababu. Ushairi unaweza kuwa huru kwa namna hiyo. Utafiti hauwezi, kwa kuwa anayeathirika na uhuru wake ni mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo amekwisha kufa na hana wa kumjibia.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito kuliko alama za mtihani. Kitereza alingoja miaka thelathini na mitano kitabu chake kichapwe, na akaiaga dunia bila ya kukishika. Lugha aliyokiandikia ilikataliwa. Jina la ziwa alilozaliwa kando yake lilibadilishwa na mgeni aliyekaa siku chache. Mtu aliyekwisha kudhulumiwa kiasi hicho anadai kitu kimoja tu kwa wasomi: asinyang'anywe na mwaka wake. Msomi anayempa 1980 mahali pa 1945 anamfanya mzee aonekane mtu aliyelala wakati wenzake wamekesha, ilhali yeye ndiye aliyeamka kabla ya wengi.

Basi kabla ya nadharia, kabla ya sura ya kwanza, na mtafiti aandike kwenye karatasi moja majibu ya maswali machache: kazi hii ilitungwa lini, na ilichapwa lini? Ilizaliwa kwa lugha gani? Nani waliishika njiani, na walifanya nini juu yake? Iko wapi kazi ya kulinganisha nayo? Kipi kingeweza kuonyesha kwamba dai langu si kweli, na nimekitafuta? Karatasi hiyo ikiwa tupu, tasnifu isianze. Na ikiwa tasnifu imekwisha kuandikwa na kutiwa jalada, wajuzi wasione haya kulitumia neno walilorithi. Waseme hii ni guni, na mwenye nayo aende akaitengeneze.